Tangi la mawimbi la mita 12, Dar es Salaam: shajara ya ujenzi na majaribio

12 Februari 2024. Vipimo na sababu zake

Tunajenga tangi refu na jembamba la kujaribia modeli za kingo za pwani: maboma ya mawe, kuta za bahari na miteremko ya kokoto. Pwani ya Dar es Salaam ina maswali mengi ya namna hiyo. Kunduchi imeliwa na bahari kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoilisha pwani hiyo ulichangia. Barabara ya Barack Obama imelazimika kujengewa ukuta mpya. Bahari yenyewe hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo ukuta mmoja hupigwa katika vina tofauti ndani ya siku moja. Ukitaka kujua jiwe la kilo 300 litatulia au litang'oka, ni bora uling'oe kwanza kwenye tangi.

Matangi makubwa duniani ni ya kutisha. Delta Flume ya Delft, Uholanzi, ina urefu wa mita 300. La kwetu lina urefu wa mita 12, upana wa sm 40, kuta za sm 60 na maji ya kina cha sm 30, yaani lita 1,440 hivi. Vipimo hivi vimetokana na hesabu. Kwa skeli ya 1:20, kimo cha wimbi cha mita 1.2 kinakuwa sm 6. Muda hugawanywa kwa mzizi wa 20, yaani 4.47, hivyo wimbi lenye kipindi (muda kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata) cha sekunde 6.7 baharini linakuwa la sekunde 1.5 tangini. Uzito hugawanywa kwa 8,000. Chini ya hapo mambo huharibika: vipindi vifupi kuliko sekunde 0.35 au maji ya chini ya sm 2 hutawaliwa na mvutano wa uso wa maji badala ya uzito wake, na mawe yakiwa madogo mno maji hupita kati yao kwa kunata kama asali, si kama baharini.

Mchanga hatutaugusa. Mchanga wa pwani wa mm 0.2 ukigawanywa kwa 20 unakuwa mm 0.01, na huo si mchanga tena bali ni tope linaloshikana. Anayetaka kupima mmomonyoko wa ufukwe kwenye tangi dogo ajue hilo kabla hajanunua hata bodi moja.

2 Machi 2024. Fremu

Skwea paipu za 50×50×3, vipande 14 vya mita 6, kwa shilingi 812,000. Fundi welda 350,000. Miguu 22 yenye bolti za kurekebisha kimo, 96,000.

Kazi ya kuchomelea ni ya kawaida, hatutaieleza. Kosa letu lilikuwa kuchomelea vipande vyote vitatu vya mita 4 juu ya sakafu ya karakana tukidhani sakafu imenyooka. Mpira wa leveli ulionyesha tofauti ya mm 19 kati ya ncha na ncha. Kwa maji ya sm 30 hiyo ni zaidi ya asilimia 6 ya kina, na kina kikibadilika, urefu wa wimbi nao unabadilika njiani. Bolti za miguu ndizo zilizotuokoa. Tumia mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, utie maji yenye rangi na utoe viputo vyote, kwa sababu kiputo kimoja kinadanganya mm 5. Sasa tuko ndani ya mm 2 kwa mita 12. Vipande vimeunganishwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, ili tangi liweze kuhama.

17 Machi 2024. Bodi, kioo, na kuvuja

Sakafu, ukuta wa nyuma na sehemu ya mbele isiyo na kioo ni marine bodi za mm 18 (karatasi 7, 595,000) zilizopakwa epoksi mara tatu (240,000). Kingo zilizokatwa zimepakwa mara tano, maana maji huingilia kwenye kingo na si usoni. Mbele kuna vioo 6 vya mm 10, kila kimoja cha mita 1.2 kwa sm 60 (570,000). Vimewekwa kuanzia mita ya 4.8 hadi mwisho, mahali pa vipima na modeli.

Tulijaza maji siku ya pili baada ya kupaka silikoni. Lilivuja sehemu 11. Sababu zilikuwa tatu, na zote ni zetu:

Silikoni ilikuwa ile ya bei nafuu yenye harufu ya siki. Asidi yake hushambulia chuma kisicho na rangi, na haishiki vizuri juu ya epoksi.

Kioo kilikaa moja kwa moja juu ya chuma, kwa hiyo silikoni ilibanwa ikawa nyembamba kama karatasi. Silikoni nyembamba haina nafasi ya kunyumbuka fremu inapojipinda kwa uzito wa tani moja na nusu, inachanika tu.

Hatukusubiri. Silikoni hukauka kutoka nje kuelekea ndani, mm 2 hadi 3 kwa siku. Mstari wetu ulikuwa na unene wa mm 8 kwenye kona. Ndani ulikuwa bado uji.

Tyubu 22 zimepotea, 198,000.

7 Aprili 2024. Limeacha kuvuja

Silikoni yote ya zamani ilikwanguliwa kwa wembe, kisha nyuso zikafutwa kwa spiriti mara mbili kwa kitambaa kipya kila mara. Silikoni mpya haishiki juu ya mabaki ya ile ya zamani. Asiyekwangua vizuri anarudia kazi. Tuliweka vipande vya mpira vya mm 6 kati ya kioo na chuma kila baada ya sm 30 ili pengo libaki lile lile, kisha tukajaza silikoni isiyo na asidi, tyubu 26 (312,000). Tulisubiri siku 7. Tukajaza sm 10, tukaacha usiku kucha, sm 20, usiku mwingine, kisha 30. Kona mbili zilitoa jasho kidogo, zikapakwa kwa nje na kwa ndani. Kwisha.

21 Aprili 2024. Kisukuma cha kwanza, na kwa nini kimeondolewa

Bamba la kusukuma maji ni marine bodi iliyokazwa kwa angle, likining'inia kwenye beringi nne zinazotembea juu ya paipu mbili. Linakwenda mbele na nyuma likiwa wima wakati wote. Aina hii inafaa maji ya kina kifupi, kwa sababu huko maji ya juu na ya chini hutembea karibu sawa. Liko sm 60 kutoka ukuta wa ncha ya tangi ulio nyuma yake.

Kabla ya kununua mota, piga hesabu ya mwendo wa bamba. Kwa maji ya sm 30, wimbi la sekunde 1.0 lina urefu wa mita 1.37 na kimo chake ni mara 1.30 ya mwendo wa bamba. La sekunde 1.5 lina urefu wa mita 2.34 na kimo mara 0.80. La sekunde 2.0 lina mita 3.26 na mara 0.58. Kwa hiyo wimbi la sm 6 katika sekunde 1.5 linataka bamba litembee sm 7.5, na katika sekunde 2.0 linataka sm 10.4. Mawimbi marefu ndiyo yanayokula mwendo.

Tulianza na mota ya waipa za gari (45,000) yenye mkono mfupi wa sm 20 unaounganisha gurudumu la mota na bamba. Mambo mawili yaliharibika. Kwanza, mota ilipunguza kasi ilipolisukuma bamba mbele na kuiongeza liliporudi, kipindi kikawa hakijulikani. Pili, na hili ndilo la kujifunza, mkono mfupi hautoi mwendo laini. Gurudumu la nusu kipenyo sm 3.75 na mkono wa sm 20 huongeza mtikisiko wa pili wenye kasi mara mbili, wa asilimia 4.7 ya mwendo mkuu. Asilimia 5 inaonekana ndogo. Lakini bamba ni hodari zaidi kwa mawimbi mafupi: kwa sekunde 0.75 linatoa kimo mara 1.76 ya mwendo, dhidi ya 0.80 kwa sekunde 1.5. Kasoro ya asilimia 5 kwenye chuma inakuwa wimbi dogo la asilimia 10 majini. Na wimbi hilo dogo linasafiri polepole kuliko lile kubwa, kwa hiyo umbo la wimbi linabadilika kadiri unavyotembea kando ya kioo. Tulipoteza siku tatu tukilaumu fremu.

6 Mei 2024. Kisukuma cha pili

Karakana ilifungwa tarehe 3 na 4 kwa ajili ya Kimbunga Hidaya. Bati moja lilivuja juu ya tangi na kina kikapanda mm 8. Tangu leo kina kinasomwa kwa sindano ya kupimia kabla ya kila jaribio, kwa sababu hata siku za jua maji hupungua yenyewe.

Mota ya fezi tatu ya kW 0.75 yenye geaboksi ya 1:20, iliyokwishatumika, kutoka Gerezani (420,000), na inveta, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota, inayopokea fezi moja (380,000). Mota huzunguka mara 1,400 kwa dakika kwa Hz 50. Ukitaka sekunde 1.5 unahitaji mizunguko 40 ya gurudumu kwa dakika, yaani Hz 28.6. Sekunde 1.0 ni Hz 42.9, sekunde 2.0 ni Hz 21.4. Thibitisha kwa saa ya kuhesabia mizunguko 50, usiamini kioo cha inveta.

Mkono sasa una sm 80, na mtikisiko wa pili umeshuka hadi asilimia 1.2. Gurudumu lina matundu matano, ya nusu kipenyo sm 2.0, 3.0, 3.75, 4.5 na 5.2. Gurudumu, mkono, beringi na paipu vimegharimu 310,000.

Weka alama ya rangi kwenye gurudumu na uanze kila mara bamba likiwa kwenye ncha ya nyuma, pale ambapo kasi yake ni sifuri. Ukianzia katikati, wimbi la kwanza linakuwa teke.

Kikomo cha mtambo huu kiwekwe wazi: unatoa wimbi la aina moja linalojirudia. Bahari haiko hivyo. Kwa mawimbi mchanganyiko unahitaji mota inayoongozwa na kompyuta sekunde kwa sekunde, ambayo bei yake ingemeza bajeti yote hii.

19 Mei 2024. Pembeni na nyuma ya bamba

Kwa mwendo wa sm 7.5 tulitarajia sm 6.0. Video ya simu iliyopigwa kupitia rula iliyobandikwa kwenye kioo ilionyesha sm 5.1. Pengo la mm 5 kila upande wa bamba lilikuwa linarudisha maji nyuma. Tulifunga vipande vya tyubu ya lori, vikigusa ukuta bila kuukandamiza, tukapata sm 5.8. Vikikandamiza sana bamba linatetemeka, na kila mtetemo unaonekana juu ya maji kama makunyanzi.

Tatizo la pili lilikuja tulipojaribu sekunde 0.9. Maji nyuma ya bamba yaliruka hadi sakafuni. Boksi la sm 60 lenye maji ya sm 30 lina kuyumba kwake lenyewe, na kipindi chake ni sekunde 0.92, ukilisukuma kwa kipindi hicho linapanda bila kikomo, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Tulijaza nafasi hiyo kreti za soda zilizofumwa nyavu. Maji yakatulia. Hata hivyo vipindi kati ya 0.85 na 1.0 hatuvitumii kwa kupima, tunavitumia kwa kujaribia tu.

9 Juni 2024. Vipima-mawimbi

Hapa ndipo muda mwingi ulikokwenda kuliko kwenye chuma chote.

Jaribio la kwanza lilikuwa vihisi vya sauti vya HC-SR04, vitatu kwa 19,500. Vinafaa kupima kina cha simtenki. Kwa mawimbi, havifai. Tofauti ndogo kabisa vinayoitambua ni karibu mm 3, wakati sisi tunatafuta mm 0.5. Sauti yao hutawanyika kwa upana, ikagonga ukuta wa tangi kabla ya maji, na mteremko wa wimbi huirusha pembeni isirudi kabisa.

Jaribio la pili: nyaya mbili za chuma kisichoshika kutu, unene mm 1.5, zimeachana mm 12, zimesimama wima majini. Kadiri maji yanavyopanda ndivyo umeme unavyopita kwa wingi kati ya nyaya. Tuliziunganisha kwa mkondo mnyoofu wa volti 5 kupitia Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki ya kusomea vihisi. Dakika tatu baadaye viputo vidogo vilifunika nyaya na usomaji ukawa unashuka wenyewe ilhali maji yametulia. Mkondo mnyoofu huchambua maji. Tukabadili kuwa mkondo geu wa kHz 1, ukasomwa kwa kibadilishi cha umeme kuwa namba cha biti 16, ADS1115. Viputo vikaisha. Kisha vipima viwili vilivyo jirani vikawa vinasikiana. Dawa yake ilikuwa kuviwasha kimoja kimoja kwa zamu. Nyaya, bodi, Arduino na vifaa vyake ni 245,000.

Tatizo kubwa lilibaki, na ni la hapa kwetu hasa. Uwezo wa maji kupitisha umeme hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chini ya mabati, maji yalikuwa nyuzi 24 saa mbili asubuhi na nyuzi 29 saa tisa alasiri. Wimbi la sm 6 la asubuhi lilisomeka karibu sm 6.6 alasiri, huku rula kwenye kioo ikisema halijabadilika. Mtu asiyekuwa na rula angeandika matokeo hayo na kuyaamini.

Taratibu yetu sasa: kila kipima kinakaa kwenye fito yenye matundu kila sm 1. Kabla ya kila kikao kinapandishwa na kushushwa matundu tisa, kutoka sm 4 juu hadi sm 4 chini, na mstari wa kubadili usomaji wa umeme kuwa sm unachorwa upya. Kipimajoto kiko majini muda wote. Joto likibadilika nyuzi 1, tunarudia. Mchana kati ya saa sita na saa tisa hatupimi kabisa. Nyaya zinafutwa kwa spiriti kila asubuhi, kwani utando wa vumbi na mafuta hufanya maji yang'ang'anie waya wakati wimbi linashuka.

30 Juni 2024. Kifyonza mawimbi

Wimbi linalofika mwisho wa tangi hurudi. Ukipima mahali pamoja unasoma lililokwenda na lililorudi kwa pamoja, na namba hiyo haina maana. Sehemu ya kimo inayorudi tunaiita Kr.

Kuitafuta kunahitaji vipima zaidi ya kimoja. Tulianza na viwili vilivyoachana sm 48, njia ya Goda na Suzuki ya 1976. Kwa sekunde 1.5 ilikubali. Kwa sekunde 0.8 ikatoa Kr ya 1.6, yaani kilichorudi ni kikubwa kuliko kilichokwenda. Wimbi la sekunde 0.8 lina urefu wa sm 96. Nusu yake ni 48 kamili. Vipima viwili vilivyoachana nusu ya urefu wa wimbi vinasoma kitu kile kile, kimoja kikiwa kimepinduliwa, na hesabu inagawanya kwa sifuri. Tukahamia vipima vitatu, njia ya Mansard na Funke ya 1980: cha pili kwenye sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi, cha tatu kwenye robo. Fito ina seti tatu za matundu: sm 14 na 34 kwa sekunde 1.0, sm 23 na 59 kwa 1.5, sm 33 na 81 kwa 2.0. Kundi zima la vipima likae angalau urefu mmoja wa wimbi kutoka kwenye bamba na kutoka kwenye modeli.

Baada ya hapo tukaweza kupima kifyonza kwa haki. Mteremko wa bodi tupu wa 1:3 ulitoa Kr ya 0.58 kwa sekunde 1.5: ni ukuta tu uliolala. Mteremko wa 1:6 wenye urefu wa mita 2.4 ulitoa 0.09, 0.18 na 0.30 kwa sekunde 1.0, 1.5 na 2.0.

Juu yake tulitandaza kokoto za mm 30, kisha tukajaza makumbi ya nazi kwenye kreti (15,000). Makumbi yanafyonza wimbi vizuri sana. Siku ya tatu maji yalikuwa rangi ya chai, siku ya tano yananuka, kioo hakipenyezi, na vipima vimepoteza mstari wao kwa sababu maji yenyewe yamebadilika. Tuliyamwaga yote. Badala yake tumetumia nyavu kuukuu za nailoni za wavuvi kutoka Feri (40,000), zikalowekwa siku mbili na kusuuzwa mara nne ili chumvi iishe, kwani chumvi nayo hupandisha upitishaji wa umeme. Matokeo: 0.05, 0.08 na 0.13. Kwa sekunde 2.0 bado ni juu ya 0.10 tuliyoitaka, na tangi halina urefu wa kulaza mteremko zaidi. Tumekubali.

21 Julai 2024. Dirisha la mawimbi safi

Ukiweka modeli ya mawe, kifyonza kinatoka na modeli ndiyo inayorudisha wimbi. Linalorudi kwenye bamba linaligonga na kwenda tena kwenye modeli. Kwa hiyo kuna muda maalumu ambao modeli inapigwa na mawimbi uliyoyakusudia, na baada ya hapo inapigwa na mchanganyiko.

Muda huo unahesabika. Nishati husafiri kwa kasi ya kundi zima la mawimbi, na si kasi ya kilele unayoiona kwa macho. Kwa sekunde 1.5 kilele kinakwenda mita 1.56 kwa sekunde lakini kundi linakwenda 1.30. Kutoka kwenye bamba hadi mguu wa modeli ni mita 9; kurudi na kwenda tena ni mita 18. Dirisha ni sekunde 13.8, mawimbi 9. Kwa sekunde 1.0 ni mawimbi 19. Kwa sekunde 2.0 ni 6 tu.

Basi tunapiga kwa mafungu: mawimbi 9, simamisha, subiri dakika 4, rudia. Mawimbi mafupi hutulia ndani ya dakika moja na nusu. Tunasubiri zaidi kwa sababu maji yote ya tangi huyumba kutoka ncha hadi ncha kwa kipindi cha sekunde 13 hivi, na kuyumba huko hakuonekani kwa macho ila kwenye kipima. Kimo cha wimbi kinasomwa kutoka mawimbi matano ya katikati ya fungu. Mawili ya mwanzo mota bado inachukua kasi.

Mawimbi 495 ni mafungu 55, saa nne. Umeme ukikatika katikati ya fungu, fungu hilo linahesabika kwenye uharibifu lakini halihesabiki kwenye kimo.

18 Agosti 2024. Mawe, mfululizo wa kwanza

Kipande cha jaribio: boma la mawe lenye mteremko wa 1:2 kwenye kina kinacholingana na mita 6, tabaka mbili za mawe ya kilo 300. Kwa kanuni ya Hudson, inayokadiria uzito wa jiwe linalohimili wimbi, mawe hayo yenye msongamano wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo yanatulia kwa wimbi la mita 1.2 ukitumia KD, namba ya uthabiti wa mawe, ya karibu 2. Kwa mita 1.5 yanapaswa kuanza kusogea.

Kilo 300 kugawanya kwa 8,000 ni gramu 37.5. Kokoto ni za Lugoba (90,000 pamoja na zile za kifyonza), ngumu na zenye pembe. Mawe 860 yalipimwa moja moja kwa mizani ya gramu 0.1 (35,000), yakakubaliwa yenye gramu 34 hadi 41. Msongamano ulipimwa kwa kuyaning'iniza majini: 2,650. Yamepakwa rangi kwa mikanda mitatu ili jiwe lililohama lijulikane lilikotoka. Paka rangi nyembamba. Nene huziba pembe na mawe yanateleza.

Wimbi la sm 7.5, sekunde 1.5, mafungu 55: mawe 9 yalihama zaidi ya kipenyo chake. Asilimia 1. Tulifurahi kabla ya wakati.

8 Septemba 2024. Mawe, mfululizo wa pili

Kosa liko kwenye maji. Baharini maji yana msongamano wa 1,025. Tangini ni 997. Kinacholiweka jiwe mahali pake ni uzito wake uliobaki baada ya maji kulibeba. Uwiano wa uzito huo na uzito wa maji ya ujazo ule ule ni 1.585 baharini, 1.658 tangini. Mawe yetu ya gramu 37.5 yalikuwa mazito kupita kiasi bila sisi kuona. Ili yalingane, uzito lazima ushuke kwa mchemraba wa uwiano huo, yaani hadi gramu 32.8.

Tumepima upya mawe 940, ya gramu 30 hadi 36. Wimbi lile lile, mafungu yale yale: mawe 31 yamehama, asilimia 3.3. Mara tatu ya mwanzo, kwa tofauti ya gramu chini ya tano.

Kati ya hayo 31, mawe 12 yalikuwa ndani ya sm 5 za kioo au bodi, ambako jiwe halina jirani wa kulishikilia upande mmoja. Kuanzia sasa ukanda huo, karibu vipenyo viwili vya jiwe kila upande, hauhesabiwi. Mawe yake yamepakwa nyeusi. Mfululizo wa kwanza utarudiwa kwa sm 6.0 na 6.8 kabla ya kuandika lolote kuhusu KD.

Matumizi hadi leo ni 4,832,500, pamoja na maji ya mara mbili (60,000). Kilichopotea kabisa ni 277,500: silikoni ya kwanza, mota ya waipa, vihisi vya sauti na makumbi.

Bodi za sakafu ya uongo zimeshakatwa: mteremko wa 1:30, mita 4.5, unaopandisha sakafu sm 15 mbele ya modeli. Kina mguuni kitakuwa sm 15, sawa na mita 3 pwani, na tutakibadilisha kwa kupunguza maji kufuata kupwa na kujaa. Pengo chini ya bodi hizo lazima lifungwe pande zote, la sivyo maji yatapita chini na sakafu itapumua na kila wimbi. Silikoni ni ile isiyo na asidi. Siku saba.